Joseph Guislain: munganga wa Gand ambaye jina lake liko Lubumbashi

Familia ya Musonoi, ya Kolwezi ao ya Fungurume ikiwa na mutu ambaye kichwa kimemuharibikia, na sentre de sante ya karibu imeshindwa, mara nyingi njia inaelekea Lubumbashi, safari ya karibu kilometre 300 ukitoka Kolwezi. Kule kuko nyumba ya matunzo ya Mafrere wa shirika la Frères de la Charité. Inaitwa Centre neuropsychiatrique Joseph Guislain. Watu wanataja lile jina sawa vile wanataja jina la avenue ao la kituo cha basi, bila kujiuliza lilikuwa la nani.

Guislain hakufika Kongo hata siku moja. Alikufa mwaka 1860, miaka 25 mbele ya Léopold II kuifanya Kongo kuwa inchi yake. Alizaliwa katika muji wa Gand, Ubelgiji, akafanya kazi Gand, akafia Gand. Alikuwa munganga, mwalimu wa université na mwandishi wa vitabu. Kwa miaka zaidi ya 30 alishughulikia swali moja ambalo familia nyingi za hapa zinajiuliza hata leo: mugonjwa wa kichwa anaponyeshwa na nani, tena kwa njia gani? Ukifuata maisha yake pole pole, unaona ya kwamba munganga peke yake hafiki mbali. Kunahitajika kundi la watu, kila mumoja na kazi yake, na kazi nzito zaidi inabebwa na wale wanaokaa na mugonjwa muchana na usiku.

Muji wa kazi moja, na nyumba ya mawe

Joseph Guislain alizaliwa tarehe 2 Februari 1797. Wakati ule Gand ilikuwa chini ya Wafaransa. Mwaka 1815 ikaingia katika ufalme wa Uholanzi, na mwaka 1830 Ubelgiji ikazaliwa. Kwa hiyo yule munganga aliishi chini ya serikali tatu bila kuhama muji.

Gand ilikuwa muji wa pamba. Mashini za kusokota nyuzi zilikuwa zimeingia, na watu wa vijiji walikuja kutafuta kazi. Mutu wa Musonoi, site iliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mugodi, anaelewa haraka vile maisha ya muji kama ule yanaendelea. Kazi moja inashika muji muzima. Ikienda vizuri, watu wanakula. Ikianguka, nyumba zote zinasikia. Na mutu asiyeweza kufanya kazi, sana sana yule anayesema peke yake ao anayepiga watu, anakuwa muzigo ambao hakuna anayetaka kuubeba.

Matajiri walificha wagonjwa wao nyumbani. Wanaume maskini waliwekwa katika jengo la zamani linaloitwa Geeraard de Duivelsteen, maana yake nyumba ya mawe ya Geeraard Shetani. Ni ngome iliyojengwa katika karne ya 13, na ingali imesimama katikati ya Gand. Wagonjwa walikuwa chini kabisa, katika vyumba vya ardhini, wamefungwa minyororo. Waliowaangalia walikuwa walinzi tu. Kazi yao ilikuwa kuhakikisha mutu hatoroki, wala haumizi mwengine. Kumutunza hakukuhesabiwa kama kazi.

Mutu aliyeanza kubadilisha ile hali alikuwa padri. Petrus Jozef Triest alizaliwa mwaka 1760. Mwaka 1803 alianzisha shirika la Mamasere wa kusaidia maskini, na tarehe 28 Desemba 1807 akaanzisha shirika la wanaume, wale wanaoitwa leo Frères de la Charité. Wa kwanza walikuwa vijana wachache waliokubali kuosha wazee, kuwalisha na kulala karibu nao. Mwaka 1815 Mafrere walikabiziwa wanaume waliokuwa katika vile vyumba vya Duivelsteen. Minyororo ikaondolewa.

Hapa inafaa kuhesabu miaka vizuri. Mwaka 1815 Joseph Guislain alikuwa kijana wa miaka 18 tu. Hakuwa munganga bado. Kwa hiyo, katika muji wa Gand, minyororo ilitolewa na watu ambao hawakuwa na diplome ya uganga, watu waliokuwa wameamua kukaa na wagonjwa.

Masomo, na habari kutoka Paris

Université ya Gand ilifunguliwa mwaka 1817, na masomo yalitolewa kwa Kilatini. Guislain alisoma uganga pale, na mwaka 1819 akapata udaktari. Alikuwa kati ya wanganga wa kwanza waliotoka katika ile université. Magonjwa ya kichwa hayakuwa somo kubwa wakati ule. Mutu aliyeyataka alipaswa kuyatafuta katika vitabu na katika habari zilizotoka inchi zingine.

Habari kubwa ilitoka Paris. Katika hospitali ya Bicêtre kulikuwa mutu mumoja, Jean-Baptiste Pussin. Alikuwa ameingia pale kama mugonjwa, kisha akapona, akabaki kufanya kazi, mwisho akawa mukubwa wa walinzi wa wagonjwa wa kichwa. Pussin hakusoma uganga. Lakini aliwakataza wafanyakazi wake kupiga wagonjwa, aliwachagua hata kati ya watu waliokuwa wamepona, na mwaka 1797 akaondoa minyororo. Munganga Philippe Pinel, aliyekuwa amefanya kazi pamoja naye, aliangalia, akajifunza, akaandika kitabu. Baadaye Pinel alipokuwa katika hospitali nyingine, Salpêtrière, akamuita Pussin amufuate, juu aliona hawezi kufika mbali bila yeye. Historia imeweka mbele jina la Pinel, lakini kazi ilianza na mutu ambaye leo tungemuita anfirmie.

Kwa Uingereza, katika muji wa York, mwaka 1796 mufanyabiashara William Tuke na kanisa lake la Waquaker walifungua nyumba ndogo ya mashambani. Kule mugonjwa alipewa meza, kitanda safi, bustani na maneno ya heshima.

Ile njia mpya ikaitwa matunzo ya kimoyo. Maana yake si kuhubiri. Ni kutumia maneno, utulivu, ratiba ya siku, kazi na urafiki ili kumurudisha mutu pole pole, badala ya kutumia woga na maumivu.

Kitabu cha kwanza, pamoja na chuma chake

Guislain alikuwa bado kijana wakati tume ya uganga ya Uholanzi ya Kaskazini ilipotangaza shindano la kuandika juu ya magonjwa ya kichwa na nyumba za wagonjwa. Alishiriki, akashinda. Kazi yake ilichapwa Amsterdam mwaka 1826 katika vitabu viwili. Alieleza kinachosababisha ugonjwa, namna ya kuutunza, na namna nyumba ya wagonjwa inapaswa kujengwa.

Lakini ndani ya kile kitabu muko pia kitu cha kushangaza. Guislain alieleza na kuchora chombo kimoja kilichokuwa na sura ya hekalu la Kichina. Ndani kulikuwa na kizimba cha chuma. Mugonjwa anaingia, kizimba kinashuka ndani ya maji, mutu anazama kwa muda mufupi, kisha kinapandishwa. Wanganga wengi wa wakati ule waliamini ya kwamba mushtuko wa gafla unaweza kuamsha akili iliyopotea. Kulikuwa pia viti vya kuzungusha mutu mpaka anatapika, na maji ya baridi ya kumwangia mutu bila kumwambia.

Leo ni vizuri kukumbuka kile kizimba. Kinaonyesha ya kwamba nia nzuri haitoshi. Munganga anaweza kusoma sana, anaweza kupenda wagonjwa, na bado akabuni kitu cha kutisha kama anawaza peke yake mbele ya karatasi. Kazi iliyomufanya Guislain ajulikane baadaye ilitoka katika nyumba, kati ya wagonjwa na Mafrere, siku kwa siku. Kile chombo cha maji hakikumupa lile jina.

Munganga na padri mezani

Mwaka 1828 Guislain aliwekwa munganga mukubwa wa nyumba za wagonjwa wa kichwa za Gand. Triest alikuwa na miaka 68, yeye alikuwa na miaka 31. Mumoja alikuwa kanoni wa kanisa, mwengine mutu wa sayansi. Kwa Ubelgiji ya ile karne, watu wa kanisa na watu wa siasa ya uhuru walikuwa wanabishana karibu juu ya kila kitu: masomo, makaburi, hospitali. Wale wawili wangeweza kugombana kila siku. Badala yake walikaa pamoja, wakatunga kanuni za ndani za zile nyumba: nani anafanya nini, saa gani, na nini imekatazwa.

Hapo njo kazi ya kundi ilianza kuwa na sura.

Munganga alipaswa kumuona mugonjwa, kumuchunguza, kuamua anaenda chumba gani, anakula nini, anaoga namna gani, anafanya kazi gani. Alipaswa kuandika. Ugonjwa usioandikwa hauwezi kulinganishwa na wa mwaka uliopita.

Frere alikuwa kazini saa zote. Yeye njo alijua nani hakulala, nani ameficha chakula, nani ameanza kulia bila sababu, nani ametabasamu kwa mara ya kwanza tangu miezi. Munganga angepita asubuhi na kukuta mugonjwa ametulia, lakini Frere alijua ya kwamba saa nane ya usiku hali ilikuwa nyingine. Bila macho ya Frere, amri ya munganga ilikuwa ya kubahatisha.

Mukubwa wa Mafrere alishika nizamu ya nyumba na wafanyakazi. Tume ya hospise za muji ilishika franga: mukate, makaa, nguo, ukarabati. Mamasere walitunza wanawake katika nyumba yao. Na wagonjwa waliokuwa wanaanza kupona walipewa kazi katika nyumba, kila mumoja kadiri ya nguvu yake.

Kwa mutu wa leo hii inaonekana kitu cha kawaida. Mbele yake kulikuwa mulinzi na fimbo tu. Mabadiliko makubwa yalikuwa kumugeuza mulinzi kuwa mutunzaji, na kumupa mutunzaji nafasi ya kusema kile ameona.

Triest alikufa mwaka 1836. Guislain aliendelea na Mafrere miaka mingine 24.

Ugonjwa unaoanzia katika maumivu

Mwaka 1833 Guislain alitoa kitabu kingine juu ya magonjwa ya kichwa. Mwaka 1835 akawa mwalimu katika université ya Gand. Alikuwa anafundisha mbele ya wagonjwa wenyewe, ndani ya nyumba, ili wanafunzi waone mutu na si maneno matupu. Yale masomo yalichapwa mwaka 1852 katika vitabu vitatu.

Alibuni majina mengi ya Kigiriki kwa ajili ya kila aina ya ugonjwa. Karibu yote yamesahauliwa. Lakini wazo moja lilibaki. Guislain aliangalia wagonjwa wengi wakati ugonjwa unaanza, na akaona ya kwamba mara nyingi kunatangulia huzuni: kifo katika nyumba, kupoteza mali, mapendo yaliyovunjika, woga, haya. Kabla mutu hajaanza kupiga kelele ao kuona vitu visivyokuwako, roho yake iliumia. Kwa maoni yake, wazimu kwa sehemu kubwa ulikuwa maumivu ya roho ambayo yamepita kipimo. Yale mengine, hasira, mawazo ya uongo, kunyamaza kabisa, yalikuja nyuma kama mwili unavyopata jeraha kisha homa.

Munganga mukubwa wa Ujerumani, Wilhelm Griesinger, alichukua sehemu ya lile wazo katika kitabu chake cha mwaka 1845, na kupitia yeye likasambaa Ulaya. Leo sayansi inajua ya kwamba magonjwa ya kichwa yana sababu nyingi: ubongo, damu ya familia, pombe na vileo vingine, maambukizo, maisha magumu. Haiwezi kusema kila wazimu unaanzia katika huzuni. Lakini wazo la Guislain lilibadilisha namna ya kumukaribia mugonjwa. Kama mutu anaumia, huwezi kumutuliza kwa kumuumiza zaidi. Unamutuliza kwanza.

Kwa hiyo matunzo yake yalikuwa na hatua. Kwanza, utulivu: kumutoa mutu katika kelele na magomvi, kumupa kitanda, chakula, bafu la maji ya vuguvugu, na mutu mupole karibu yake. Pili, wakati maumivu yamepungua, kazi: bustani, useremala, kushona, kufuma, jikoni. Pamoja na kazi, michezo, muziki, masomo kidogo. Tatu, kujitayarisha kurudi nyumbani. Kazi haikuwekwa ili nyumba ipate faida. Iliwekwa juu mutu anayeshika jembe ao sindano iko na sababu ya kuamuka asubuhi, na kwa muda fulani mawazo yake yanashika kitu kingine.

Kila hatua ilikuwa na mutu wake. Hatua ya kwanza ilikuwa ya munganga na ya Frere wa chumba. Ya pili ilikuwa ya Frere mwenye ufundi, seremala ao mukulima. Ya tatu ilihitaji familia.

Sheria, kisha nyumba

Kazi nzuri katika muji mumoja haikutosha. Katika sehemu zingine za Ubelgiji wagonjwa walikuwa bado wamefungwa katika mabanda na watu waliolipwa kwa kichwa. Mwaka 1841 serikali iliunda tume ya kuchunguza ile hali, na Guislain alikuwa ndani, pamoja na Édouard Ducpétiaux, mukaguzi mukubwa wa magereza. Ripoti yao ilikuwa kali. Matokeo yake yalionekana katika sheria ya tarehe 18 Juni 1850.

Ile sheria ilisema ya kwamba hakuna nyumba ya wagonjwa wa kichwa inayoweza kufunguliwa bila ruhusa ya serikali. Kumuingiza mutu kulihitaji karatasi ya munganga. Na nyumba zilipaswa kutembelewa: burgumestri mara moja kila miezi sita, mwendesha mashtaka mara moja kila miezi tatu, gavana mara moja kwa mwaka. Kwa maneno mengine, mugonjwa wa kichwa akahesabiwa kama mutu mwenye haki, na waliomutunza wakawa chini ya macho ya watu wengine. Kundi la matunzo likaongezeka: tangu sasa sheria nayo ilikuwa na kiti chake.

Baada ya sheria, nyumba. Tangu mwaka 1853 muji wa Gand ulijenga, inje ya kuta zake za zamani, hospise mupya kwa ajili ya wanaume. Muchoraji wa majengo alikuwa Adolphe Pauli, lakini mupango ulikuwa wa Guislain. Ilifunguliwa mwaka 1857. Ilikuwa nyumba ya kwanza ya Ubelgiji iliyojengwa tangu musingi kwa ajili ya wagonjwa wa kichwa. Zingine zote zilikuwa ngome, monastere ao magereza ya zamani yaliyobadilishwa.

Guislain aliamini ya kwamba jengo nalo linatunza. Aliweka majengo ya chini kuzunguka viwanja vyenye miti. Waliotulia upande mumoja, wenye fujo upande mwengine, ili kelele za mumoja zisiwaamushe wote. Madirisha yalitoa mwangaza. Kulikuwa mahali pa kazi, bustani, na nafasi ya Mafrere karibu na wagonjwa. Mutu aliyetoka katika historia ya vyumba vya ardhini vya Duivelsteen anaelewa maana ya kila dirisha.

Vitu ambavyo Guislain hakufikia

Si vizuri kumufanya mutakatifu. Wakati wake hakukuwa dawa zenye kutuliza mawazo ya uongo ao sauti zinazosikika kichwani. Ile dawa ya kwanza ya kweli, klorpromazini, ilianza kutumika Paris mwaka 1952, karibu miaka 100 baada ya hospise kufunguliwa. Kwa hiyo wagonjwa wengi wa Guislain hawakupona. Waliingia vijana, wakafia pale wazee.

Pia, ile imani ya kumutenga mugonjwa na nyumbani kwake ilikuwa na hatari. Kutengwa kwa wiki chache kunaweza kutuliza. Kutengwa kwa miaka kunakata kamba kati ya mutu na ndugu zake, mpaka hakuna tena mahali pa kurudi. Katika karne nzima ya 19, nyumba kubwa za Ulaya zilijaa, wafanyakazi wakawa wachache, na matunzo ya kimoyo yakageuka tena kuwa ulinzi. Koti ya kufunga mikono ilibaki katika hospitali nyingi. Jengo zuri bila watu wa kutosha linarudi kuwa gereza, hata kama liko na bustani.

Joseph Guislain alikufa tarehe 1 Aprili 1860, miaka tatu tu baada ya kuingia katika nyumba aliyoiota. Alikuwa na miaka 63. Mwaka 1887 muji wa Gand ulimuwekea sanamu. Hospise yake ingali inasimama. Matunzo yanaendelea pale, na tangu mwaka 1986 sehemu moja ni myuzeyamu, ambako watu wanaweza kuona minyororo na makoti ya zamani kwa macho yao.

Jina lilivuka bahari

Mafrere walibeba kazi yao mbali. Katika kanda hii yetu, nyumba zao za matunzo ya kichwa zinajulikana: Sosame kwa Bukavu, Tulizo Letu kwa Goma, Ndera karibu na Kigali, Kamenge kwa Bujumbura. Na kwa Lubumbashi, ile iliyochukua jina la munganga wa Gand.

Mutu anayeingia katika nyumba kama ile leo anakuta kundi kubwa kuliko la mwaka 1828. Kuko munganga wa magonjwa ya kichwa, ambaye anasema ni ugonjwa gani na kuandika dawa. Kuko sikologe, ambaye anazungumuza na mugonjwa juu ya vile vilivyomupata na kumusaidia kupata njia zingine za kuwaza. Kuko asistanti sosiali, ambaye anatafuta familia, anauliza nani atalipa, nani atamupokea akirudi. Kuko watu wa kazi za mikono, ambao wanaendeleza ile hatua ya pili ya Guislain.

Katikati yao kuko anfirmie. Yeye njo anatoa dawa na kuangalia kama imemezwa kweli. Yeye njo anaona kama dawa inamukakamaza mutu shingo, inamutetemesha mikono, inamulaza muchana kutwa, na anamwambia munganga ili kipimo kibadilishwe. Anakaa karibu na mutu anayetaka kujiua, anaondoa kamba na visu, anamuuliza waziwazi bila kuogopa lile swali, juu kuuliza hakumuongezei mutu wazo la kufa. Anatuliza ugomvi kwa sauti ya chini mbele ya kutumia nguvu. Anaongoza mazungumuzo ya kundi. Anamufundisha mama wa mugonjwa namna ya kupanga vidonge vya wiki. Na kwa sababu wanganga wa magonjwa ya kichwa ni wachache sana katika Kongo, mara nyingi anfirmie njo mutu wa pekee ambaye mugonjwa anamuona kwa siku nyingi.

Kisha kuko familia. Katika Ulaya ya Guislain familia ilibaki inje ya mulango. Hapa kwetu mara nyingi ndugu njo anapika, anafua, anakaa na mugonjwa. Hiyo ni nguvu ambayo Gand haikuwa nayo, kama familia inafundishwa na kusikilizwa.

Lakini kazi ya mwaka 1815 haijaisha. Hata leo kuko wagonjwa waliofungwa kamba ao munyororo, nyuma ya nyumba ao katika chumba cha maombi, kwa sababu ndugu wanaogopa, wamechoka, ao wameambiwa ni uchawi. Kuko pia watu wenye kifafa wanaoitwa wazimu, na kifafa ni ugonjwa ambao dawa za bei ya chini zinaweza kuutuliza kwa wagonjwa wengi. Sala haikatazwi, lakini haipaswi kusimamisha dawa. Na mutu aliyefungwa anaumia mara mbili: kwa ugonjwa na kwa kamba.

Kwa familia inayojitayarisha kwenda Lubumbashi ao kwa sentre yoyote, kuko maneno ya kushika. Andikeni mbele ya safari: ugonjwa ulianza lini, kulitokea nini katika nyumba wakati ule, mugonjwa analala masaa mangapi, anakula namna gani, amekunywa dawa gani, hata za kienyeji. Pelekeni mutu anayemujua vizuri, si yule mwenye franga peke yake. Mukifika, ulizeni nani atakuwa anfirmie wake na saa gani munaweza kuzungumuza naye. Mbele ya kurudi, ulizeni dawa itaendelea miezi mingapi, nani atamuangalia kwa Kolwezi, na dalili gani zinaonyesha ugonjwa unarudi. Musisimamishe dawa kwa sababu mutu ameanza kucheka tena. Yule anayeonekana amepona mara nyingi amepona kwa sababu ya dawa.

Na akirudi Musonoi, mupeni kazi ndogo ya nyumba tangu wiki ya kwanza, kadiri ya nguvu yake: kuteka maji, kulima jaridini, kuuza kidogo mbele ya mulango. Muiteni kwa jina lake.